Barabarani Hakuna Mkwe

Watu waliomzoea Mama Lenzi akiwa dukani, ndani ya koti lake jeupe, hawakuweza kumfikiria juu ya baiskeli. Pale dukani alikuwa mtu wa kukaa. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi za miwani, moja moja: anaipima, anaifunga kwenye mashine, anaisaga ukingo taratibu hadi iingie kwenye fremu bila kulegea na bila kulazimishwa. Ni kazi ya subira na mkono mtulivu, na alikuwa akiifanya tangu binti yake hajaota meno. Jina la Mama Lenzi alipewa na wateja, nalo likamganda hata majirani wakasahau lile la kwanza.

Baiskeli iliingia maishani mwake kwa njia ya ugomvi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliinunua, akaipanda siku mbili tatu, kisha akaolewa na kuiacha kwenye korido nyembamba ya nyumba ya mama yake. Kila Mama Lenzi alipopita na beseni la nguo, usukani ulimdunga mbavuni. Jumapili moja uvumilivu ukamwisha. Akasimama mbele ya ile baiskeli, mikono kiunoni, akaiambia, "Leo mimi na wewe, mmoja atahama."

Akaishusha ngazi, ghorofa zote, akikusudia kumpelekea fundi baiskeli wa mtaa wa pili aifungue auze vipuri. Lakini kuisukuma kulimshinda. Mara kanyagio limgonge ugoko, mara gurudumu la mbele limgeukie kama mbuzi aliyegoma. Mwisho akaona heri aipande tu, yaishe. Hakuwa amepanda baiskeli tangu utotoni. Akayumba mpaka kwenye kona, akanyooka, na alipofika kwa fundi hakusimama. Fundi alimwona akipita, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja, macho yamemtoka, anacheka peke yake. Aliporudi jua lilikuwa limeshapanda na jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"Nasikia unaiuza," fundi akasema.

"Nani kasema? Nishushie kiti kidogo."

Mbio za miguu zilikuja baadaye, nazo kwa bahati mbaya vilevile. Asubuhi moja tairi lilipasuka akiwa mbali, na muda wa kufungua duka ulikuwa umekaribia. Akaanza kukimbia huku akiisukuma baiskeli kando yake, na alipofika dukani akagundua kwamba hakuwa amekufa. Tangu siku hiyo akawa haijui Jumapili ya kulala. Alikimbia, alipanda baiskeli, alirudi nyumbani mwekundu wa macho na mwepesi wa moyo, akala kama mchimba mitaro.

Aliyeumia kwa haya yote ni dada yake mkubwa, mwanamke nadhifu aliyekuwa na aibu ya kutosha watu wawili.

"Mwanamke mwenye mvi anakimbia barabarani na suruali ya kubana," alimwambia. "Watu watasema marehemu mumeo aliondoka na akili zako."

"Akili zipo, Dada. Kilichoondoka ni tumbo."

Dada mkubwa alisonya, lakini alimtazama tumbo.

Sasa, huyo binti aliyeiacha baiskeli alikuwa ameolewa na fundi wa majokofu, kijana mrefu, mkimya, ambaye naye alikuwa na ugonjwa uleule wa mbio na baiskeli. Ungedhani wawili hao wangeelewana. Wapi! Yule kijana alimheshimu mama mkwe wake kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye ngazi. Akija kumtembelea alikaa kwenye ncha ya kiti. Akiulizwa jambo alijibu "Ndiyo, Mama" au "Hapana, Mama", na katikati ya majibu hayo mawili hapakuwa na kitu. Waliwahi kukutana barabarani wakiwa kila mmoja kwenye baiskeli yake, na kijana akashuka, akaiegemeza kwenye ukuta, ndipo akamwamkia.

Jioni moja wakaja wote wawili, mume na mke, na binti hakungoja hata maji ya kunywa.

"Mama, nina habari mbili. Ya kwanza, utakuwa bibi."

Mama Lenzi alipiga kigelegele kilichowatoa majirani milangoni. Alimkumbatia binti, akamshika kijana wa watu mkono akautikisa mpaka bega likamcheza, akakaa, akasimama tena.

"Na ya pili?"

"Ya pili ni yale mashindano ya wawili wawili ambayo mwenzangu alinishawishi tujiandikishe. Yale ya kukimbia, kisha baiskeli, kisha kukimbia tena. Daktari amekataa. Kwa hiyo tumebadilisha jina langu."

"Mmefanya vizuri. Mmemweka nani?"

Binti akatabasamu. Mkwe alikuwa akichunguza vigae vya sakafu kama vile chini yake kuna jokofu linalovuja.

"Wewe," alisema binti.

"Mimi na nani?"

"Na yeye."

"Mwanangu," Mama Lenzi akasema polepole, "mimba imekupanda kichwani mapema hivi?"

Lakini usiku huo, akiwa peke yake, aliyafikiria yale mashindano, akahisi miguu inamwasha. Asubuhi akampigia binti simu. "Mwambie aje Jumapili. Na asije na zawadi."

Jumapili mkwe akafika mapema, kabla jua halijachangamka. Alikuwa amevaa kaptula ya waendesha baiskeli, ile inayobana kama ngozi ya ndizi, na juu yake amejifunga sweta zito kiunoni, mikono imekazwa kwa fundo mbele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona umejifunga kama mgonjwa?"

"Ni upepo, Mama."

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi.

Wakaanza kukimbia. Mama Lenzi akatangulia, akitarajia kijana atampita, maana alijua mbio zake. Kijana hakupita. Mama akapunguza mwendo ili ampishe, naye akapunguza. Akapunguza tena, naye tena. Wakafika mahali wakawa wanatembea, mmoja mbele mwingine nyuma, kama watu waliotumwa dukani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia nje ya mlango wake akawapita kwa ufagio.

Mama Lenzi akasimama, akageuka.

"Baba, kwani una shida gani?"

"Hakuna, Mama."

"Mbona hunipiti?"

Kijana akakuna kisogo. "Siwezi kumpita mkubwa, Mama. Halafu wewe si mkubwa tu. Wewe ni mkwe."

Mama Lenzi alitaka kucheka, lakini aliona jinsi uso wa kijana ulivyokunjamana kwa taabu ya kweli, akajizuia. Akamsogelea.

"Nisikilize. Nyumbani kwangu mimi ni mkweo. Utaniamkia, utanisikiliza, na chai utakunywa hata ikiwa imepoa. Lakini barabarani hakuna mkwe. Barabarani kuna wa mbele na wa nyuma, na wa mbele ndiye anayemkatia mwenzake upepo. Ukiniheshimu, nenda mbele unikatie upepo."

Kijana akafikiri. Akasema, "Ndiyo, Mama," akapita kwa kuinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya wazee waliokaa. Halafu miguu ikakumbuka kazi yake, akaondoka kwa kasi.

Shida nyingine ilikuwa baiskeli. Wawili wakitaka kwenda kasi, wa nyuma hulisogelea gurudumu la mwenzake karibu kabisa, ajifiche upepo, na macho yake hayana pa kwenda ila mgongoni kwa yule wa mbele na chini ya mgongo. Ndiyo siri ya lile sweta. Lilikuwa likipepea mbele ya uso wa Mama Lenzi kama pazia dirishani, haoni shimo wala jiwe. Alivumilia mpaka likataka kuingia kwenye mnyororo.

"Vua hilo sweta!" alipiga kelele. "Nimezaa, nimeuguza, nimezika. Kaptula yako haitaniua!"

Sweta likavuliwa. Na huo ndio ukawa mwisho wa aibu, au karibu na mwisho, kwani ni vigumu kumwogopa mtu ambaye kila Jumapili mnahema naye pamoja, mnatema mate pamoja na kugawana ndizi moja iliyopondeka mfukoni. Mama Lenzi aligundua jambo lingine pia: kwamba yule kijana hakuwa bubu. Alikuwa tu hawezi kuzungumza akitazamwa. Barabarani, mmoja akiwa mbele na mwingine nyuma, maneno yalimtoka yenyewe.

"Mama," aliuliza siku moja, akipandisha mlima taratibu, "mtoto akilia usiku, unajuaje anataka nini?"

"Hujui. Unajaribu hiki, unajaribu kile, mpaka kimoja kinamnyamazisha."

"Na kisiponyamazisha?"

"Mnalia wote wawili. Asubuhi inafika."

Kijana akabadilisha gia. "Nilidhani mama wote mnajua."

"Tunajifanya," alisema Mama Lenzi.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa watu mapema. Binti alikuja na kiti cha kukunja na chupa za maji, tumbo limeanza kujionyesha. Pembeni yake alikuwepo dada mkubwa, aliyekuja baada ya kuapa mara nyingi kwamba hatakuja. Alikuwa amevaa kofia pana na miwani ya jua nyeusi tii, na mwavuli ameushusha hadi masikioni ili mtu yeyote anayemfahamu asimtambue.

Mtangazaji alikuwa akipita kwenye mstari wa kuanzia na kipaza sauti, akiwatania washiriki. Akafika kwao.

"Na hapa tuna kijana amemleta mama yake!"

"Mkwe!" Mama Lenzi akamsahihisha. "Huyu ni mkwe wangu!"

Kicheko kikasambaa uwanja mzima. Mtangazaji akajishika kichwa. "Jamani! Mtu na mama mkwe wake! Mwenzenu mimi wangu nikimwona napita barabara ya pili!" Mwavuli wa dada mkubwa ukashuka zaidi.

Sheria ilikuwa moja tu ya maana: kila kituo lazima wapite wote wawili pamoja. Kengele ilipolia, vijana walichomoka kama maji yaliyofunguliwa. Mkwe naye miguu ikataka kuwafuata, lakini Mama Lenzi akamwita, "Waache, wana haraka ya kuchoka." Wakakimbia mwendo wao wa Jumapili, ule wanaoweza kusemezana. Kabla mbio za kwanza hazijaisha walikuwa wameanza kuwapita wale wa maji yaliyofunguliwa, wengine wakitembea, wengine wamejishika viuno.

Wakachukua baiskeli. Barabara ilitoka nje ya mji, ikaingia kwenye uwanda mpana usio na nyumba wala ukuta, na huko upepo ulikuwa ukiwangoja. Ulikuwa upepo wa uso kwa uso, wenye vumbi. Mkwe akakaa mbele, akainamisha kichwa, akaupasua. Nyuma yake Mama Lenzi alipanda kama aliyeketi sebuleni. Alimwona kijana akigeuka kila mara kuangalia kama bado yupo, na akaona jambo lingine: ile chupa ya maji iliyofungwa kwenye fremu yake ilikuwa bado imejaa. Alimpigia kelele anywe. Kijana akainua mkono kwamba amesikia, lakini hakunywa. Aliogopa kwamba akiacha usukani hata kidogo atapunguza mwendo, na upepo umfikie mama.

Chini ya mlima wa mwisho paja likamkaza. Mama Lenzi aliona mguu ukisimama juu ya kanyagio kama mti, baiskeli ikayumba, na kijana akalala ubavu kwenye nyasi za kando ya barabara akiuma meno.

"Endelea, Mama. Niache."

"Nikuache niende wapi? Kituoni watanipokea nusu?"

Akatupa baiskeli yake, akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono miwili. Kisigino akakiweka begani kwake, akausukuma unyayo kuelekea usoni kwa kijana, na kwa mkono mwingine akalikanda paja kwa nguvu zake zote, kama mwanamke anayekamua blanketi.

"Mamaaa!" kijana alilia, na haikuwa ya heshima.

Msuli ukalegea. Wakatazamana. Ndipo wote wawili walipoona walivyo: mtu na mama mkwe wake, mguu begani, paja mkononi, kando ya barabara kuu, washiriki wenzao wanapita. Kijana akaanza kutikisika. Mama Lenzi alidhani maumivu yamerudi, kumbe ni kicheko. Naye kikamshika. Walicheka mpaka Mama Lenzi akalazimika kumfungulia kijana chupa ya maji.

"Kunywa yote. Haya, panda. Utakaa nyuma yangu."

"Mama, upepo ni mkali."

"Nimeuona. Siyo mgeni, tumekuja naye tangu huko. Kaa nyuma yangu, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote ilikuwa "baba", kwa heshima ya ukwe. Neno lilitoka lenyewe, na hakuna aliyesimama kulitazama, maana muda ulikuwa unakwenda.

Mama Lenzi akashika mbele. Mlima aliupanda akiwa amekaa, gia nyepesi, bila kuulazimisha, na juu ya mlima upepo ukampiga kifuani kama mlango. Akainama. Machozi yalimtoka kwa vumbi, mapaja yakawaka moto, mgongo ukaanza kumkumbusha umri wake. Kila alipotaka kulegeza alisikia nyuma yake mnyororo wa mkwe ukizunguka, karibu, ukimtegemea. Siku zote hizo alikuwa amepanda baiskeli kwa ajili ya furaha yake mwenyewe. Leo kulikuwa na mtu mzima mwenye nguvu, baba wa mjukuu wake, amejificha nyuma ya mgongo wake, naye mgongo wake ulimtosha.

Mbele wakatokea wanaume wawili wenye sare mpya zinazong'aa na baiskeli za bei mbaya. Walikuwa wamechoka, wanabishana nani akae mbele. Mama Lenzi akawafikia, akawa sambamba nao. Mmoja akageuka, akaona mvi zilizochungulia chini ya kofia ngumu, na malezi yakamshinda.

"Shikamoo, mama," alisema akihema.

"Marahaba, wanangu," akajibu Mama Lenzi, akawapita. Mkwe akawapita pia, na safari hii hakuinama.

Mbio za mwisho walikimbia bega kwa bega. Kijana alichechemea mwanzoni, kisha mguu ukakubali. Mama Lenzi hakuwa na hali nzuri; miguu ilikuwa kama ya kuazima, na kila hatua ilibidi aiombe. Hawakusemezana tena. Walipofika kwenye kona ya kuingilia uwanjani walisikia sauti inayopasuka kwa kelele, na Mama Lenzi akadhani ni mtangazaji.

Alikuwa dada mkubwa. Kofia ilikuwa imeanguka mgongoni, miwani ameipandisha kichwani, na ule mwavuli ameufunga na anapiga nao uzio wa mabati, paa, paa, paa.

"Kimbia! Kimbia, mdogo wangu! Huyo ni mdogo wangu! Nimemlea mimi huyo, mikono hii hii!" Alimgeukia mwanaume asiyemjua, akamshika kola. "Unamwona yule mwenye mvi? Tumbo moja, mimi na yeye!"

Binti alikuwa akilia na kucheka, mkono mmoja tumboni, mwingine hewani.

Walivuka mstari wakiwa wameshikana mikono, kisha Mama Lenzi akakaa chini palepale akavua viatu. Alikuwa hataki kujua lolote ila maji. Basi walipoanza kuita washindi hakusikiliza. Yale ni mambo ya wenye miguu mirefu. Waliita jozi za wanaume, wakaita za wanawake, wakafika kwenye jozi za familia: ndugu kwa ndugu, baba na mwana, mke na mume.

"Nafasi ya tatu," mtangazaji akasema, akanyamaza kwa makusudi, "ni wale ambao mimi na mama mkwe wangu hatutawahi kuwa!"

Mama Lenzi akamtazama binti yake. "Kasemaje?"

"Mama, ni nyinyi! Nenda!"

Akapanda jukwaani peku, viatu vimebaki kwenye nyasi. Mkwe alisimama chini ya ngazi ya jukwaa ili yeye atangulie, akamshika kiwiko apande. Wakawavisha medali. Mama Lenzi alikuwa ameshavikwa vitu vichache shingoni katika maisha yake, na kila kimoja alikipokea kwa kuinamisha macho, kama alivyolelewa. Safari hii aliwatazama watu wote, safu moja baada ya nyingine, kidevu juu, mpaka wakamaliza kupiga makofi. Hakuona sababu ya kuharakisha.

Jumatatu alifungua duka kama kawaida, isipokuwa alishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu magoti yalikataa kwenda mbele. Alivaa koti lake jeupe, akakaa kwenye mashine, akasaga. Lakini yule mwanamke aliyejulikana kwa kunyamaza kazini alikuwa amebadilika. Kila aliyeingia wiki ile kuchukua miwani alitoka na miwani na habari. Aliyesema ana haraka alisimuliwa kwa ufupi. Aliyekaa kwenye kiti alisimuliwa pamoja na upepo. Hata kijana aliyeleta barua za mtaa alijua sehemu ya paja.

Ijumaa akaja mwalimu mstaafu kuchukua miwani yake ya kusomea. Mama Lenzi alimsimulia kuanzia kengele mpaka jukwaani, huku akimrekebishia vishikio masikioni. Mwalimu alisikiliza vizuri, kama mtu aliyezoea kusahihisha.

"Kwa hiyo mlikuwa wa tatu," alisema mwishowe. "Na wa kwanza walikuwa akina nani?"

Mama Lenzi akaifuta lenzi ya kulia kwa kitambaa, akaiangalia kwenye mwanga, ikamridhisha.

"Sijui, Mwalimu," akasema. "Walikuwa mbele mno, hata sikuwaona."